Jenerali William Booth, Mlevi na Mtaa Wake



Jumapili iliyopita tulilishwa neno kutoka 2 Wafalme sura ya 2, habari ya watu wa Yeriko waliomwendea Elisha wakamweleza kwamba mji wao uko pahali pazuri, lakini maji ni mabaya na nchi haizai. Mchungaji wetu alituonyesha jambo ambalo wengi huwa tunalipita tukisoma. Elisha hakuanza kwa kuombea mmoja mmoja wale waliokunywa yale maji. Aliitisha chumvi, akaenda mpaka penye chemchemi.

Tangu siku hiyo nimeulizwa na watu kadhaa, wengine kwa simu, wengine tukiwa tumesimama pale nje baada ya ibada: sasa, pasta, chemchemi ya ulevi hapa kwetu ni gani? Nimeona niwajibu kwa kuwaletea maisha ya mtu aliyehangaika na swali hilo hilo karibu maisha yake yote. Ni William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu. Sare zao na bendi yao tunazijua. Yeye mwenyewe alitoka wapi, wengi hatujui.

Kijana wa duka la rehani

Booth alizaliwa tarehe 10 Aprili 1829 huko Sneinton, pembeni mwa mji wa Nottingham, Uingereza. Baba yake, Samuel, alikuwa mtu wa biashara ya ujenzi, biashara ikaanguka. William alipofika miaka 13 akatolewa shule, akapelekwa kufundishwa kazi katika duka la rehani. Si muda mrefu baba akafariki, na mama akabaki akilisha watoto kwa kaduka kadogo katika mtaa wa maskini.

Duka la rehani ni kama hawa shailoki wetu. Unaleta koti lako, blanketi lako, pete ya ndoa, unapewa pesa kidogo. Ukirudi na pesa na riba, unachukua kitu chako. Usiporudi, kinauzwa. Mimi kabla ya kuitwa kwenye huduma nilisomea biashara, na nikifika hapa huwa nasimama. Mkopeshaji anaujua mtaa kuliko mtu yeyote. Anajua nani amefutwa kazi, nyumba gani ina mgonjwa, na nguo gani za Jumapili zitarudi rehani Jumatatu asubuhi. Booth alikaa nyuma ya kaunta ile miaka sita. Hakuipenda ile kazi hata siku moja, lakini ndiyo iliyomfundisha kwamba umaskini una hesabu yake, na kwamba mtu anaweza kuwa na bidii na bado hesabu ikamshinda.

Aliokoka mwaka 1844, akiwa na miaka 15, kwa Wamethodisti. Akaanza kuhubiri barabarani jioni baada ya kazi. Kuna kisa kimoja cha miaka hiyo ambacho nataka wahudumu wetu wa mlangoni wakisome mara mbili. Kijana Booth alikusanya vijana wa mtaa mchafu kabisa wa Nottingham, nguo zimeraruka, wananuka, akawaleta kanisani Jumapili, akawakalisha viti vya mbele kabisa. Alidhani wakubwa watafurahi. Kumbe! Baada ya ibada aliitwa, akaambiwa kwamba siku nyingine akiwaleta, awapitishe mlango wa nyuma, wakae mahali ambapo hawataonekana. Yaani hata ndani ya nyumba ya Mungu, mtaa uliotoka ndio ulioamua utaketi wapi.

Whitechapel

Mwaka 1849 alienda London kutafuta maisha, na kazi aliyoipata ni ile ile ya rehani. Mwaka 1855 alimwoa Catherine Mumford, na hapa lazima tusimame kidogo. Baba ya Catherine, John Mumford, alikuwa fundi wa magari ya farasi, tena mhubiri na mtetezi wa kuacha pombe. Baadaye yeye mwenyewe akaingia kwenye pombe. Kwa hiyo Catherine hakudhani ulevi ni ugonjwa wa maskini peke yao. Aliuona mezani kwao, kwa mtu mwenye ufundi, mwenye Biblia. Hili tulikumbuke mpaka mwisho wa makala hii, ili mtu asije akasema kwamba mwenye nyumba ya mawe yuko salama.

Mwaka 1865 mume na mke walifika London Mashariki, na Booth akaanza kuhubiri Whitechapel, nje ya baa na ndani ya hema. Mtaa ule ulikuwaje? Wanaume wengi walitegemea kazi za bandarini. Asubuhi wanasimama getini kwa mamia, msimamizi anachagua wachache, waliobaki wanarudi nyumbani mikono mitupu. Nyumbani penyewe ni chumba kimoja, familia nzima, baridi, giza. Baa ilikuwa kila kona, nayo ilikuwa na moto, taa na watu wa kuzungumza nao. Watoto walitumwa kuleta bia kwa jagi kama watoto wetu wanavyotumwa sukari. Tena wafanyakazi wengi walikuwa wakilipwa mishahara yao ndani ya baa! Ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka 1883 kukataza jambo hilo.

Hebu tazama mpangilio huo kwa jicho la biashara. Ukitaka kumfanya mtu awe mlevi, ungepanga namna gani nyingine? Mpe kazi ya kubahatisha, mpe nyumba isiyokalika, weka pombe katikati ya kazi na nyumba, halafu mlipe pesa yake pale pale.

Booth alihubiri toba katika mtaa huo, na watu waliokoka kweli kweli. Mwaka 1878 huduma yake ikapewa jina la Jeshi la Wokovu. Walevi walipoanza kupungua mezani, wenye pombe walihisi mfukoni. Yakatokea magenge yaliyojiita Jeshi la Mifupa, na baadhi ya wenye baa wakiyaunga mkono, kazi yao kuwapiga mawe na kuwarushia uchafu watu wa Booth. Katika mwaka 1882 peke yake washiriki 669 walipigwa, na kati yao 251 walikuwa wanawake. Wapendwa, mtu haumizwi hivyo kwa sababu ya kuimba. Waliumizwa kwa sababu waligusa mapato ya watu.

Alipoitazama chemchemi

Sasa tufike pale ninapotaka. Kwa zaidi ya miaka ishirini Booth alikuwa amehubiri mtu mmoja mmoja. Lakini aliona jambo lililomsumbua: mtu anaokoka Jumapili usiku, Jumatatu anaamka katika chumba kile kile, bila kazi, na baa ile ile iko mlangoni. Wengine walisimama. Wengi walivutwa nyuma. Usiku mmoja wa baridi mwishoni mwa 1887, akivuka Daraja la London, aliona wanaume wamelala kwenye vibaraza vya daraja. Kesho yake akamwambia mwanawe Bramwell lazima kitu kifanyike. Mwaka uliofuata walifungua makao ya kulala na chakula cha bei nafuu huko Limehouse.

Wakati huo huo kulikuwa na mtu mwingine London, Charles Booth, hawana undugu, mfanyabiashara tajiri. Huyu alichora ramani ya jiji mwaka 1889, kila barabara kwa rangi yake kulingana na hali ya wakazi: nyeusi kwa walio chini kabisa, njano kwa matajiri. Alipochambua habari za familia maskini kama 4,000, akakuta kwamba kwa waliokuwa chini kabisa, ulevi na uzembe ulikuwa chanzo cha umaskini kwa karibu familia 1 kati ya 7. Zaidi ya nusu chanzo kilikuwa kazi: hakuna kazi, kazi ya kubahatisha, au malipo duni. Watu walikuwa wakisema maskini ni maskini kwa sababu wanakunywa. Hesabu ikaonyesha kwamba wengi walikuwa maskini kwanza.

Oktoba 1890 William Booth akatoa kitabu chake kikubwa, *In Darkest England and the Way Out*. Jina hilo alilielekeza kwa makusudi kwa msafiri Stanley, aliyekuwa ametoka kuandika kitabu kuhusu giza la Afrika. Booth akawaambia Waingereza kwamba giza mnalolitafuta mbali liko nyuma ya makanisa yenu. Alikadiria watu milioni 3, mmoja kati ya kila kumi, wamezama chini ya maisha ya kibinadamu, na kwamba nusu milioni wamefungwa na pombe. Akaeleza kwamba kwa maskini baa ndiyo sebule yake ya pekee, na pombe ndiyo dawa ya kusahau anayoweza kuinunua. Akatoa mfano wa farasi wa teksi za London: akianguka barabarani, hakuna anayeanza kumuuliza alijikwaa vipi. Anainuliwa kwanza. Na kila farasi ana mahali pa kulala, chakula na kazi. Aliomba binadamu wapewe angalau kiwango cha farasi.

Aliandika kitabu hicho huku Catherine akifa polepole kwa saratani ya matiti. Mama huyo alifariki tarehe 4 Oktoba 1890, siku chache kabla kitabu kutoka. Nakala zaidi ya 200,000 ziliuzwa katika mwaka wa kwanza.

Kiwanda cha kiberiti

Mwaka 1891 alifungua kiwanda cha kiberiti huko Old Ford, London Mashariki. Wakati ule viwanda vikubwa vilitumia fosforasi nyeupe, iliyokuwa ikiozesha mataya ya wafanyakazi, wengi wao wasichana. Booth akatumia fosforasi nyekundu isiyo na madhara hayo. Waliotengeneza visanduku vya kiberiti walikuwa wakilipwa kwingine kama peni mbili na nusu hivi kwa visanduku 144. Yeye akalipa peni nne. Mwaka huo huo alinunua shamba kubwa Hadleigh, katika jimbo la Essex, ambako wanaume waliotolewa mitaani walifundishwa kulima, kufuga na kufyatua matofali, mbali na baa.

Nisiwafiche matokeo. Kiwanda hakikudumu, kufikia 1901 kilikuwa kimefungwa, kwa sababu kiberiti chake kilikuwa ghali kidogo na wateja wengi walifuata bei. Mtu wa biashara anajua kwamba huruma bila soko haifiki mbali. Lakini kiwanda kile kilikuwa kimeshaonyesha kwamba kiberiti kinaweza kutengenezwa bila kuua watu. Kampuni kubwa ziliacha ile sumu, na mwaka 1908 Bunge likapitisha sheria ya kuipiga marufuku. Chumvi ilikuwa imefika kwenye chemchemi.

Kuna waliomlaumu kwamba ameacha injili akaingia kwenye supu. Ukweli ni kwamba hadi mwisho alihubiri toba, msalaba na maisha matakatifu. Alipofariki tarehe 20 Agosti 1912 alikuwa kipofu, na watu kama 150,000 walipita mbele ya jeneza lake. Miaka tisa baadaye, 1921, Jeshi la Wokovu likafika Kenya.

Na sisi je?

Whitechapel iko mbali, lakini nenda bichi yoyote ya Homa Bay alfajiri, Mbita, Sindo au visiwani. Mvuvi wa omena amekesha majini na taa, amelowa, ana baridi, analipwa taslimu asubuhi ile. Benki haiko karibu. Mke na watoto wengine wako mbali. Mlango ulio wazi saa hiyo, wenye moto na watu wa kucheka nao, ni wa nani? Ni wa mama pima. Njoo huku Migori, kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder na Osiri. Kijana anashuka shimoni ambamo hana hakika ya kutoka. Siku akipata, anapata yote mara moja. Siku akikosa, amekosa kabisa. Anakunywa ili ashuke, na akitoka anakunywa kwa sababu ametoka. Halafu sisi tunapita na gari la matangazo la krusedi, tunamwambia ni mvivu.

Serikali nayo ilijaribu njia yake. Chang'aa ilipigwa marufuku kabisa kwa sheria ya 1980, na kila mmoja wetu anajua iliendelea kupikwa. Mwaka 2010 ikaja sheria ambayo wengi huiita ya Mututho, ikaruhusu inayotengenezwa kwa viwango na leseni. Kati ya mambo iliyoweka ni kwamba baa isipewe leseni ndani ya mita 300 kutoka shule. Tangu ugatuzi, leseni za pombe ni kazi ya kaunti, na mwananchi ana haki ya kupinga. Je, ni lini sisi kama kanisa tulienda kupinga leseni hata moja? Tunakemea pepo la ulevi saa tisa za usiku kwenye kesha, na mchana baa inafunguliwa karibu na shule ya watoto wetu, hakuna aliyeandika barua.

Lakini kuna mfano mzuri hapa hapa nyumbani. Migori imekuwa shamba la tumbaku la Kenya kwa miaka mingi. Wakulima hawakuipanda kwa kuipenda. Kampuni ilileta mbegu na mbolea kwa mkopo, na soko lilikuwa tayari. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa, la afya, la kilimo na la chakula, pamoja na serikali yetu, yalianza hapa mradi wa kuwasaidia wakulima kuhamia maharagwe yenye madini ya chuma, wakipewa mbegu, mafunzo na mahali pa kuuzia. Waliokubali walikuwa wameshajua siku nyingi kwamba tumbaku ni mbaya. Kilichokuwa kimekosekana ni kitu kingine cha kulipia karo.

Hapo ndipo nataka tuongee ukweli. Tunao kina mama kati yetu, wanaimba, wanatoa sadaka, na bado wanapika. Wengine ni wajane. Wengine waliacha biashara ya samaki kwa sababu ya ile desturi ya jaboya, wasitake kuuza miili yao ili wapewe samaki. Mwisho wa mwezi huu baraza la kanisa litakaa kuamua mambo mawili: kama kina mama hao wasimamishwe kwenye meza ya Bwana, na kama sehemu ya sadaka ya ujenzi itengwe kuwa mfuko wa kuwakopesha mtaji bila riba ili waache kupika. Wapo wanaosema tuanze na la kwanza, la pili lingoje tumalize paa.

Mimi msimamo wangu nausema wazi. Dhambi ni dhambi. Kumwuzia jirani kitu kinachomla hakuwezi kubarikiwa, na mama anayepika anajua hivyo kuliko sisi. Lakini kumfukuza mama huyo mezani bila kumpa njia nyingine ni kumrudisha kwenye sufuria yake, mara hii akiwa na uchungu na kanisa. Naomba yote mawili yaende pamoja: kina mama waitwe, waambiwe ukweli kwa upendo, wapewe muda, na siku hiyo hiyo wapewe mtaji na mtu wa kuwafuatilia hesabu. Hesabu hiyo nitaifanya mimi mwenyewe, bure, kila Jumamosi. Paa letu linavuja kidogo, ni kweli. Whitechapel Booth alianzia kwenye hema.

Wazee wa baraza ni watu wa kuongea nao. Kabla ya kikao, mwambie mzee wa eneo lako unavyoona.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Soma 2 Wafalme 2:19–22. Katika kijiji au mtaa wako, chemchemi ni ipi: kazi, nyumba, mahali pesa inapolipwa, au baa iliyo karibu?
2. Soma Yakobo 2:1–4. Mvuvi au mchimbaji akija kwetu Jumapili akinuka pombe, ataketi wapi?
3. Taja mtu mmoja aliyeokoka akarudi nyuma. Alirudi kulala wapi usiku ule aliookoka?

Tuombe: Bwana Yesu, tunakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako William Booth na mama Catherine. Wakumbuke walio majini usiku huu na walio mashimoni. Uwape kina mama wetu riziki safi. Utupe chumvi, na miguu ya kufika penye chemchemi. Amina.